Nimesoma uhusiano wa umma, chuo chenyewe hakina uhusiano na mtu

Nilikaa kimya kwanza, nikijua hasira zitashuka. Hazijashuka. Chuo sikitaji jina. Aliyesoma jioni hapa Dar, stashahada ya mawasiliano na uhusiano wa umma, na akawahi kusimama pale dirisha la mitihani, atakijua tu. Habari za ada na sifa za kujiunga mtazikuta kwenye vipeperushi vyao, vizuri, vya rangi, vina picha ya msichana ameshika maiki anacheka. Mimi nazungumzia dirisha.

Somo la kuzungumza mbele ya hadhara sehemu yake kubwa haina karatasi. Unapewa muda wa kujiandaa, unasimama mbele ya wenzako, mwalimu anakaa nyuma ya darasa na fomu yake anajaza: sauti, macho, mpangilio, nguvu ya hoja. Ukimaliza unakaa. Ndio mtihani wenyewe huo.

Hotuba yangu ilikuwa ya ushawishi: kwa nini kampuni za mabasi zimwambie abiria ukweli gari linapoharibika. Mada hii naijua kwa maumivu. Mchana nakatisha tiketi stendi ya Magufuli, na gari likizima Chalinze, anayetukanwa ni mimi niliyekaa Mbezi, si dereva wala fundi. Na maelekezo ya wakubwa ni yale yale, "waambie linakaribia". Linakaribia wapi wakati liko juu ya jeki?

Humo nikaingiza kesi ya Tylenol, dawa ya maumivu ya kampuni moja ya Marekani, kesi ambayo walimu wa fani hii hawaachi kuifundisha. Mwaka 1982, maeneo ya Chicago, watu saba walikufa kwa kumeza vidonge vilivyotiwa sianidi na mtu ambaye mpaka leo hajatiwa hatiani. Sumu haikutiwa kiwandani. Johnson & Johnson wenye dawa wangeweza kabisa kusema jamani sisi hatuhusiki, waulizeni polisi. Badala yake waliwatangazia watu waache kuvimeza, wakaagiza zirudishwe chupa zipatazo milioni 31, kisha dawa ikarejea madukani kwenye vifungashio ambavyo vikiguswa tu unajua. Nikauliza darasa: kama wao waliweza kwa chupa milioni 31, sisi tunashindwa nini na basi moja? Watu walicheka, wakapiga makofi. Mwalimu akasema pale pale, mbele ya wote, kwamba hoja imesimama ila nipunguze kurusha mikono. La mikono nalikumbuka kwa sababu liliniuma.

Matokeo yakabandikwa. Kwenye somo hilo nimeandikwa sikutokea.

Nikaenda dirishani. Nawaandikia mazungumzo kama yalivyokuwa, sijaongeza chumvi.

"Dada, habari za kazi."

Kimya. Anachati.

"Samahani dada yangu, nina tatizo la matokeo."

"Namba ya usajili." Nikaitaja. "Hukufanya."

"Nilifanya, dada. Nilizungumza mbele ya darasa zima."

"Karatasi yako iko wapi?"

"Ni hotuba, haina karatasi."

"Sasa mimi nitajuaje kama uliongea?"

Naomba msome tena swali hilo. Mtu wa ofisi ya mitihani, kwenye chuo kinachofundisha watu kuongea, anamwuliza mwanafunzi ushahidi wa maandishi kwamba aliongea! Nikatoa simu. CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, alikuwa amenirekodi mwanzo mpaka mwisho, makofi yamo, na sauti ya mwalimu na ile habari ya mikono imo. Hakuitazama hata kidogo. Aliisukuma simu yangu kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayetoa mende mezani, akasema, "Hiyo sio nyaraka. Subiri supu," yaani mtihani wa marudio. Akavuta kidirisha. Ulikuwa muda wa chai.

Aristotle alisema mshawishi ana silaha tatu: hoja, hisia, na heshima ya yule anayezungumza. Nilikariri, nikajibia mtihani, nikapata. Pale dirishani nilizitumia zote tatu, na ya nne nikaongeza, machozi. Hakuna iliyopita.

Mwalimu mwenyewe? Alikuwa wa muda, analipwa kwa somo, na somo likiisha hana ofisi wala meza. Simu yake haikupatikana. Simlaumu, tena huyu ndiye anayenifanya nishindwe kuwaambia watu moja kwa moja wasiende pale. Alikuwa mwalimu haswa. Alitusikilizisha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ile ya kumpiga Idi Amin, akatukataza kuandika chochote. Tusikilize tu anapumua wapi. Sote tuliikulia hiyo hotuba, redio inairudia kila mara, lakini sikuwahi kugundua namna sababu, nia na uwezo vilivyopangwa kwa kipimo kimoja, kila kimoja kikaachiwa nafasi ya kutua kabla kingine hakijaja. Halafu akatusimamisha mmoja mmoja tuseme jambo letu kwa mpangilio ule. Kulikuwa na kaka mmoja ana kigugumizi, muhula ulipoanza alikuwa anajibu mahudhurio kwa kunyoosha mkono. Mwisho wa muhula alizungumza habari za bei ya mahindi mpaka mwalimu akamwonyesha saa.

Na mimi nimebadilika, nisiseme uongo. Siku hizi gari likichelewa natoka ofisini, nasimama mbele ya abiria waliofura, nawaambia limekufa wapi, fundi ameshafika au bado, na atakayetaka nauli yake apange mstari upande gani. Matusi bado yapo. Ila hawanishiki tena shati. Kwa somo hilo peke yake, ada yangu haikupotea.

Nilikuwa nimeanza kulainika hapa, nikakumbuka tangazo.

Kundi letu la WhatsApp la chuo limefungwa, wanaoandika ni wasimamizi tu. Usiku, watu wameshalala, likashushwa tangazo: wenye malalamiko ya matokeo wanajulishwa kuwa muda wa kuwasilisha malalamiko uliisha jana. Jana! Halina jina la aliyeandika, halina namba ya kupiga. Na lilitoka ofisi ya uhusiano ya chuo, ambako mmoja wao ndiye anayetufundisha mawasiliano wakati wa mgogoro. Ndiye aliyetuchorea ubaoni modeli nne za wataalamu wa uhusiano wa umma Grunig na Hunt za mwaka 1984, kuanzia ile ya kupiga debe tu mpaka ile ya nne ambamo taasisi inazungumza na watu na watu wanaijibu, na yenyewe inakubali kubadilika. Akasisitiza kwamba ya nne ndiyo ya kuifuata. Kaka yangu, kundi umelifunga, nakujibu wapi?

Nililipia supu. Ningefanyaje, tarehe ilikuwa inakatika na nisingemaliza. Halafu nikapanda juu kwa mkuu wa idara, bila miadi. Mzee yule, Mungu ambariki, alinivutia kiti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu, akasema tu, "Pole sana mwanangu, ngoja tutafute." Akainuka yeye mwenyewe kwenye kabati. Fomu yangu ilikuwa kwenye bahasha ya darasa la asubuhi. Alama zimo, sahihi ya mwalimu imo, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: mikono. Kazi yenyewe haikufika hata muda wa kunywa chai.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aende au asiende, namwambia aende, ila kila anapozungumza ahakikishe mwenzake anarekodi, na aombe kuiona fomu yake kabla mwalimu hajatoka mlangoni. Au asiende. Sijui. Jana ningesema nenda, leo nimetoka tena dirishani.

Maana nilifuata hela yangu ya supu ambayo sikuifanya. Dada yule yule. Safari hii aliinua macho, nikadhani labda mzee amewasema huko juu. Akaniambia hela hairudishwi, itahamishiwa kwenye ada ya muhula ujao.

"Muhula ujao upi, dada? Mimi nimemaliza."

"Basi andika barua."

Barua nimeandika. Imegongwa mhuri wa kupokelewa, na nakala yenye mhuri ninayo, kwa sababu hiyo angalau ni nyaraka.