Vipakiti 8 vitupu: uzoefu wangu na gereji iliyotufungia injini

Nimekaa na hasira hii tangu masika yalipoanza, na nilidhani itapoa. Haijapoa. Jina la gereji nimeliacha, ila niliyoyaona ndani ya injini yangu na maneno niliyoambiwa nayaandika yote.

Sisi ni timu ya rally ya watu wanne wa Dar, hatuna mdhamini. Shemeji ndiye dereva, mimi ndiye msoma ramani, mdogo wangu na rafiki yake wanashika spana. Gari letu ni Subaru Impreza, ile GC8 ya zamani. Tulilinunua Moshi likiwa limelala chini ya mwembe, matairi yamekwisha upepo, panya wamezaa ndani ya dashibodi. Tulilivua hadi likabaki bodi tupu, tukalijenga upya wikiendi kwa wikiendi, kila mtu akichanga mwisho wa mwezi. Mapenzi haya tumerithi kwa baba. Alikuwa akitusimulia habari za Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari Rally mara 5, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na kila mara alimalizia kwamba Safari humpa ushindi mwenye gari linalofika. Kwa hiyo kwetu injini haikuwa mahali pa kubana matumizi.

Bering za konrodi, vile vipande vyembamba vinavyokaa kati ya kranki na konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni, nilizinunua mimi. Pesa ilikuwa ya upatu, zamu yangu ilipofika, na shangazi anayeishi Dubai akanibebea kwenye begi lake: vipande 8, halisi, kila kimoja kwenye kipakiti chake kilichofungwa. Mdogo wangu alikuwa ameshaifungua injini. Bering za zamani alizikwaruza mgongoni kwa msumari, namba ya silinda kila moja, 1 mpaka 4, kisha akazirudisha kwenye konrodi zake zisichanganyikane. Kranki ilipimwa, ikaonekana nzima, haikuhitaji kuchongwa. Kilichobaki ni kufunga tu.

Lakini injini ya Subaru ina ubishi wake kwenye kufunga. Imelala, pistoni zinatazamana, bloki lenyewe limegawanyika vipande viwili vinavyoibana kranki katikati, na pini za pistoni unazipitisha kwenye matundu ya pembeni ya bloki huku huoni vizuri unachofanya. Nafasi kati ya kranki na bering inapimwa kwa sehemu za mia za milimita. Ndiyo maana tukaipeleka kwa wenye uzoefu. Tulikabidhi injini na bering zangu mkononi, tukalipa, tukasubiri. Tulipoifuata nikaomba spea za zamani, kama kila mteja anavyoomba. Nikapewa vipakiti 8 vitupu. Bering za zamani, wakasema, zimeshatupwa kwenye chuma chakavu.

Nikaamini. Vipakiti si ninaviona?

Tukaipakia gari kwenye Fuso, safari ya mashindano ya Iringa. Tulipita Mikumi polepole kwenye matuta, tukanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, na kupanda Kitonga nilikuwa natazama nyuma kila kona kama minyororo imekaza. Siku mbili tulipita njia kuandika noti, yaani maelezo ya kila kona ninayomsomea dereva. Noti zangu zilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kuandika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Hatua ya kwanza, kilomita ya saba. Nilikuwa nasoma, kulia tano, themanini, kushoto tatu inakaza usikate, nikasikia kitu chini ya miguu yangu: ko, ko, ko. Shemeji akaachia mafuta palepale. Taa ya oili ilikuwa imeshawaka. Kabla gari halijasimama ukaja mlio mmoja mzito, kisha kimya, kisha moshi wa oili iliyomwagikia ekzosi. Injini imenoki. Konrodi ya silinda ya tatu ilikuwa imetoboa bloki, tundu la kupitisha ngumi.

Nikashuka na pembetatu, nikasimama pembeni ya barabara nimeshika kibao cha OK ili wanaokuja nyuma wajue tuko salama. Walipita mmoja mmoja, kila mmoja na vumbi lake, nami nimekishika tu. Watoto wa kijijini walituletea maji kwenye ndoo. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Dar tukaifungua injini sebuleni, juu ya magazeti. Bering za silinda ya tatu zilikuwa zimesagika, hazisomeki. Zile sita nyingine zilikuwa nzima kiasi. Mdogo wangu akaigeuza ya kwanza, akanyamaza, akanipa. Mgongoni pana mkwaruzo wa msumari: 1. Nyingine, 2. Nyingine, 4. Zilezile za zamani! Upande wa ndani zilishalika hadi shaba inaonekana. Zangu, za pesa ya upatu, za begi la shangazi, sijui ziko kwenye injini ya nani.

Nikaenda na zile sita. Mwenye gereji alimkaribisha shemeji kiti, mimi nikabaki nimesimama. Nikazipanga mezani kwake, namba zikitazama juu. Hakuzigusa. Akamgeukia shemeji, akasema gari la mashindano likifa limekufa, ndiyo kazi yake. Nilipotaka kujibu akaniinulia kiganja: "Dada'angu, wewe kazi yako kusoma karatasi. Mambo ya injini niachie mimi na shemeji yako."

Kusoma karatasi! Mwaka 1981 Michèle Mouton alishinda Sanremo, mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa rally, na pembeni yake aliyekuwa akimsomea noti alikuwa Fabrizia Pons, mwanamke mwenzake. Karatasi ninayoisoma ndiyo inayomwambia dereva kwamba nyuma ya kilima kuna korongo. Shemeji alisimama, akamwambia, "Mwenye injini ndiye huyu, mzee. Ongea naye." Hakuongea. Akapokea simu.

Nilikusudia kuandika: msikanyage pale, basi. Ila nikiishia hapo nitakuwa mwongo, maana keji ya gari letu, ile fremu ya mabomba inayotukinga ndani gari likibingirika, ilijengwa kwenye gereji hiyohiyo. Kuna kijana wa kuchomelea pale, mpole, haongei. Kila kiungo alikizungusha weldingi kamili, hata kule juu karibu na paa ambako wengi huchomelea upande unaoonekana tu. Msimu uliotangulia tulibingirika Morogoro mara mbili na nusu. Paa lilibonyea, keji haikusogea. Nilitoka na mchubuko wa mkanda begani. Mimi na baba wa watoto wa dada yangu tuko hai kwa mkono wa yule kijana. Kwa hiyo ile nyota moja niliyokusudia kuwapa naiondoa, naweka tatu.

Hapana. Keji ni ya kijana, gereji ni ya mzee, na anayepokea pesa ni mzee. Hata keji sasa msipeleke pale; mtafuteni kijana siku yake ya mapumziko, mlipeni yeye mkononi. Alinipigia wiki ile ile, akaniomba radhi kwa kosa ambalo si lake, sauti chini kama anayejificha. Mwenye gereji hadi leo hajapiga.

Bloki jingine tumelipata Ilala, la mtumba, zima. Safari hii tunafunga wenyewe, mdogo wangu anapima na mimi naandika kila kipimo kwenye daftari la noti. Bering mpya shangazi ameshaagiza. Zile sita zenye mikwaruzo nimezirudisha kwenye vile vipakiti alivyonipa mzee, viwili vimebaki vitupu, vyote viko kabatini kwangu siku atakapotaka kuongea.