Eksirei ya mkono wa mtoto: mashine safi, huduma hovyo

Jamani, hiki kituo cha eksirei cha huku pande za Nyakato, Mwanza, kimenichefua. Mtoto wa miezi 8, kiwiko kimevimba, anaingizwa na sweta lake na shanga mkononi, mama anaambiwa "mshike tu". Mama hana aproni ya risasi ya kukinga mionzi, hajaulizwa kama ana mimba, na aproni yenyewe imetundikwa nyuma ya mlango! Kuuliza tu, kijana wa zamu ananijibu: "Mama, usitufundishe kazi."

Kazi gani sasa? Imetoka picha moja ya mbele, kiwiko kimekatwa ukingoni, kifungo cha sweta kimekaa juu ya mfupa. Mkono hupigwa pande mbili, mbele na ubavuni. Mfupa wa mtoto mara nyingi hauvunjiki moja kwa moja, unapinda na kuchanika upande mmoja kama kijiti kibichi. Ukiutazama upande mmoja tu unaweza usione kitu. Tena ncha za mifupa ya kiwiko cha umri huo bado karibu zote ni gegedu, ule mfupa laini, na gegedu eksirei haionyeshi. Daktari anategemea mifupa ilivyojipanga na kivuli cha mafuta kwenye kiungo, kwa hiyo picha ya ubavuni ikikaa mshazari kidogo tu, imeharibika.

Zamu ikabadilika, akaja dada mmoja. Mashine ileile! Kamvua mtoto, kaacha anyonye kwanza, kamviringisha shuka mwili mzima ukabaki mkono ule tu. Kifuko cha mchanga juu ya kiganja, mwanga kaubana uishie kwenye mkono, muda wa mionzi mfupi kabisa ili mtoto akitikisika picha isiingie ukungu. Ya ubavuni hakusokota kiganja: kageuza mkono wote kuanzia begani, na kiwiko kilipogoma kukunjwa hakulazimisha, kasogeza mashine. Mama kavaa aproni, kasimama pembeni ya mwale. Dakika chache, kwisha.

Nilitaka kuandika msikanyage pale. Basi nendeni, ila ulizeni kwanza nani yuko zamu. Aa, hapana, maana dirishani walitaka picha ya marudio ilipiwe! Watu wanatoka Ukerewe na meli, mtoto kala mionzi ya bure, halafu kosa lao alipie mzazi? Gomeni kulipa. Na kama mnapeleka picha hospitali ya Bugando, daini CD. Ile karatasi wanayochapisha haisomeki, ufa mwembamba haumo.