Mafuta ya kurudishia pani ya chuma ngozi yake: usinunue kama mimi

Nilitoka ushago nikapata pani yangu ya chuma, ile nzito dada alinibebea kutoka Marekani, imelowekwa siku mbili na kutu imejaa, nyekundu kama barabara ya murram. Aliyeiloweka anajijua. Nikaisugua na stilwaya hadi ikabaki kijivu, ngozi yake yote imetoka, yaani ule utando mweusi wa mafuta yaliyokaushwa kwa moto, alafu duka moja la vyakula vya afya hapa Nakuru likaniuzia mafuta ya kitani (flaxseed), kichupa kama cha dawa ya kikohozi, elfu moja na mia mbili! Pani iling'aa kama kiatu cha polisi. Wiki ya pili mayai yakaanza kutoka na magamba meusi. Kumbe hayo mafuta hukauka yakawa magumu kupita kiasi, yakabanduka.

Watu huuliza mafuta yanahimili moto kiasi gani. Mimi nauliza, asubuhi ya Julai kwa hii baridi yetu, chupa imeganda? Ikiwa nyeupe huko chini, mara nyingi ni mawese, na karibu nusu yake ni mafuta yanayochelewa sana kushikana yakawa ngozi.

Namba moja kwangu ni Elianto, na ndio napendelea, niacheni. Ni ya mahindi, zaidi ya nusu yake ni yale mafuta yanayoshikana vizuri yakipata moto, na asubuhi unayapata yanatiririka tu. Paka kidogo, alafu pangusa kama mtu aliyeyamwaga kwa bahati mbaya, hadi uone ni kama hakuna kitu, hapo ndio wengi huharibu na pani inabaki ikinata. Igeuze kifudifudi kwa oveni, digrii 230 hivi, lisaa limoja, ipoe humo humo, urudie mara tatu.

Mbili, alizeti. Lakini alizeti ya kweli! Unaona ua kubwa la njano mbele ya chupa, ukigeuza nyuma usome zile herufi za sisimizi unakuta mawese, na bei ni ya ua. Nikamuuliza muuzaji, akaniambia, "Madam, mafuta ni mafuta."

Avokado ni poa, ila kwa bei hiyo afadhali niyale.

Salad ya kupima, yale mafuta ya maji ya dukani, na ya mgando, kama ndio unayotumia, paka nyembamba.

Ya kitani hata siipangi. Kichupa kilichobaki nilimpa fundi wa mbao akapaka mpini wa jembe, na mpini umetoka safi sana.