Miezi minane na michoro ya klasi ya UML kwenye kadi za wajawazito

Kwenye chumba cha manesi cha kliniki moja Likoni kuna karatasi ya A3 iliyobandikwa kwa selotepu, kati ya ratiba ya zamu na bango la chanjo. Ina visanduku 14, mistari inayoviunganisha, na kalamu nyekundu ya sista msimamizi imepita karibu kila pembe. Ni mchoro wa klasi wa UML, lugha ya michoro ya kupangia programu, ambapo kila kisanduku (klasi) ni aina moja ya kitu chenye sifa zake, na mchoraji ni mimi. Nilipewa kazi ya kuhamishia kadi za wajawazito kwenye kompyuta kwa kliniki 3 ndogo za mmiliki mmoja hapa Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe. Nikaamua violezo vyote vya rekodi, yaani nini kijazwe wapi, nitavipanga kwa UML kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Kuna mahali uamuzi huo uliniokoa, na kuna mahali ulinila miezi 3 nikiwa najiona fundi.

Natumia PlantUML. Ni programu huria, haina malipo, na huhangaiki na kipanya: unaandika maandishi, yenyewe inachora. Mstari kama huu

Mama "1" -- "0..*" Mimba

unakupa visanduku viwili na mstari kati yao, maana yake mama mmoja, mimba sifuri au zaidi. Inataka Java iwe kwenye kompyuta, na kwa michoro ya klasi huwa inaiachia programu nyingine, Graphviz, kazi ya kupanga visanduku. Nimeiweka kwenye laptopu, kwa hivyo intaneti ikikatika au stima ikipotea naendelea mpaka betri iishe. Faili lenyewe ni maandishi matupu, naliweka kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko, na mtu akibadilisha "1" kuwa "1..*" naona ni nani na lini. Kwa hilo peke yake nyota 5. Kero yake ni kwamba ukiongeza kisanduku kimoja, vyote vinapangwa upya. Sista alishazoea kwamba Mimba iko juu kulia. Toleo lililofuata imeshuka chini kushoto, naye akadhani nimefuta masahihisho yake yote. Alininunia siku mbili.

UML yenyewe ni ya zamani. Wataalamu watatu wa programu, Booch, Rumbaugh na Jacobson, waliunganisha mbinu zao, OMG, shirika la viwango vya kompyuta, wakaipitisha kuwa kiwango mwaka 1997, na toleo ninalofuata, 2.5.1, ni la 2017. Mimi nilisomeshwa chuoni, nikafaulu mtihani, nikaisahau.

Nilipoupeleka mchoro wa kwanza kliniki, ulikuwa na kila kitu: mishale, almasi nyeusi, almasi tupu, pembetatu. Manesi wanne wameuzunguka, mmoja akafuata mshale kwa kidole. "Kwa hivyo mgonjwa atoka hapa, aenda pale?" Wote walikuwa wameusoma hivyo, kama ramani ya mgonjwa kutoka mapokezi hadi duka la dawa. Wala si kosa lao. Mshale duniani kote maana yake nenda huku. Nikarudi nyumbani nikafuta mishale yote, nikaficha methodi (kazi ambazo klasi inaweza kufanya), na mahali pa "0..*" nikaandika "wengi au hakuna". PlantUML inakubali, kwake hayo ni maneno tu ndani ya alama za nukuu. Mwalimu wangu wa chuo angenikata alama. Manesi walianza kuusoma.

Na walipoanza kuusoma ndipo nilipoanza kujua kazi niliyopewa.

Nilikuwa nimeandika Kujifungua "1" -- "1" Mtoto. Sista msimamizi akavaa miwani, akaangalia kwa muda, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, na pacha wawatia wapi?" Sikuwa na pa kuwatia. Mbaya zaidi, alama ya Apgar, inayopima hali ya mtoto akizaliwa, ya dakika ya 1 na ya dakika ya 5 nilikuwa nimeiweka kwenye Kujifungua, na pacha wawili wana alama zao mbali mbali. Ikahamia kwa Mtoto. Tukaendelea hivyo asubuhi nzima, kila sifa tukiiuliza wewe ni ya nani. Kundi la damu ni la Mama, halibadiliki. Himoglobini ni ya Hudhurio, yaani kila anapokuja kliniki, kila mara mpya. Hedhi ya mwisho si ya Mama wala ya Hudhurio, ni ya Mimba. Kwenye kadi ya karatasi haya yote yako ukurasa mmoja na hakuna anayeuliza, kwa sababu macho ya nesi ndiyo yanayojua. Ukichora klasi huna budi kuuliza. Sijaona chombo kingine kinachomlazimisha mtu wa programu na nesi kubishana juu ya jambo lenye maana kwa haraka namna ile.

Hedhi ya mwisho ndiyo iliyotuweka zaidi. Niliiandika sifa ya aina ya Tarehe, kisha chini yake nikaweka /tareheYaMatarajio. Ule mkwaju (/) mwanzoni ni wa UML: sifa haiandikwi na mtu, inapatikana kwa hesabu, na hapa hesabu ni siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Nilijivunia mkwaju ule. Sista akacheka. Akasema njoo ukae hapa Jumatatu usikilize wamama wanavyojibu.

Nikaenda. Mama wa tatu, alipoulizwa, akasema, "Ilikuwa kumi la mwisho." La Ramadhani, bila shaka. Wala hakuwa anabahatisha: anakumbuka kwa sababu siku zile hakufunga, na anazo siku sita za kulipa. Kwake ni kumbukumbu imara kuliko tarehe yoyote ya kalenda ya ukutani. Nesi akatoa kalenda yake yenye miezi yote miwili, ya Kiislamu na ya kizungu, akahesabu, akaandika tarehe moja ya katikati. Ile tarehe moja ndiyo ingeingia kwenye mfumo wangu, safi, yenye siku, mwezi na mwaka, kana kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeitaja. Daktari wa kesho angeiamini zaidi kuliko nesi aliyeiandika.

Tulichofanya ni kuivunja Tarehe. Sasa kuna klasi ndogo inaitwa Makadirio, yenye mwanzo, mwisho na chanzo: amesema mama, imehesabiwa kutoka mfungo, imetoka kwenye ultrasaundi. Mkwaju nao ukaondoka, maana ultrasaundi ya mapema ikitofautiana sana na hesabu ya hedhi, tarehe ya matarajio hufuata kipimo, na hapo haiwi tena matokeo ya sifa moja. Baadaye nikagundua wenzetu wa openEHR, kiwango huria cha rekodi za afya, walishaiona sehemu ya jambo hili. Aina yao ya tarehe hukubali mwaka na mwezi bila siku. FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya, pia. Lakini kumi la mwisho sikulikuta kwa yeyote kati yao, hilo tumelijenga wenyewe Likoni.

Presha nayo. Nilifikiri Hudhurio moja, kipimo kimoja. Kliniki iko upande wa kivuko. Mama ana mimba ya miezi saba, ameshuka feri na umati, amepanda kile kilima na jua la saa tano, amefika amekaa kwenye benchi, anapimwa 144 kwa 92. Nesi hamwandikii chochote bado. Anampa maji, anamwacha apumzike, anapima tena. Mpaka unaoogopwa ni 140 kwa 90, kwa hivyo tofauti ya kipimo cha kwanza na cha pili ni tofauti ya kumrudisha nyumbani au kumpeleka hospitali kubwa. Mchoro ukawa Hudhurio moja, vipimo vya presha kimoja au zaidi, kila kimoja na saa yake na alivyokaa mama.

Mahudhurio yenyewe niliyakosea kwa kufuata karatasi. Kadi niliyopewa ilikuwa na safu 4, nikaweka "0..4". WHO walitoka kwenye mahudhurio 4 na kupendekeza 8 tangu 2016. Namba ya juu nikaiondoa kabisa. Mama akija mara 11, aje.

Hadi hapo ningekwambia UML ni dawa. Sasa shida.

Nina kijana wa atachimenti, mwepesi wa kushika. Siku moja kanichorea Mtoto na ile pembetatu ya urithi, alama kwamba klasi moja inachukua sifa zote za nyingine, ikielekea kwa Mama. Nikamuuliza vipi? "Kwani mtoto harithi kwa mama?" Katika lugha yetu ya kazi tunasema klasi mzazi na klasi mtoto, basi kwenye mfumo wa uzazi utajibu nini? Ilibidi nimweleze kwamba klasi Mtoto si klasi mtoto ya klasi Mama. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa katikati ya kosa baya kuliko lake, na langu halikuwa la kuchekesha.

Kliniki 3 hazitaki kadi moja. Changamwe hawakuwa na mashine ya ultrasaundi, hawataki kuona sehemu yake kwenye skrini. Kisauni wanataka mzunguko wa mkono kila hudhurio. Nikasema rahisi: Hudhurio ni mzazi, kila kliniki ina klasi mtoto yake. HudhurioLikoni, HudhurioKisauni, HudhurioChangamwe. Kisha PreshaLikoni, na kadhalika. Visanduku vikafika 61. Urithi wa UML unaongeza. Mtoto anapata kila alicho nacho mzazi, kisha anazidisha chake. Kiolezo cha kliniki kazi yake kubwa ni kubana: hiki funga, kile kifanye cha lazima, hapa ruhusu majibu matatu tu kati ya kumi. Changamwe walihitaji kupunguziwa, na mtoto hawezi kukataa urithi. UML ina njia ya kufafanua upya sifa ya mzazi ili ibanwe, lakini PlantUML inayachora tu maneno hayo ulivyoyaandika. Haikagui kitu. Ukimwandikia mtoto "1..5" mahali mzazi ana "0..1" itakuchorea bila kukohoa. Nikaishia kuweka maelezo ya njano pembeni, "Changamwe wasitumie", na maelezo ya njano hakuna kompyuta inayoyatii.

Juu ya hayo, mwenzangu alikuwa anatengeneza majedwali ya hifadhidata moja kwa moja kutoka kwenye klasi. Kisauni wakitaka swali jipya, klasi inabadilika, jedwali linabadilika, programu inapangwa upya kliniki 3 usiku watu wakiwa wamelala. Kwa swali moja! Na jibu lilikuwa wazi muda wote: OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ambao KenyaEMR, mfumo wa rekodi wa hapa Kenya, umejengwa juu yake, haina jedwali la presha. Ina jedwali la uchunguzi, ndani yake dhana iliyoulizwa na thamani iliyojibiwa. Swali jipya ni dhana mpya kwenye kamusi, si jedwali jipya.

openEHR wanalisema hili kwa uwazi zaidi, na ningewasoma mapema ningeokoa ile miezi 3. Modeli yao ya msingi, ile ndogo isiyobadilikabadilika, wanaichapisha kwa michoro ya UML. Maudhui ya tiba hawayatii humo. Yako kwenye arketaipu, maelezo kamili ya jambo moja la tiba, zinazoandikwa kwa lugha yao iitwayo ADL, na juu yake kiolezo kinachochagua arketaipu na kuzibana kwa matumizi ya mahali fulani. Arketaipu ya presha ina ya juu, ya chini, wastani, alivyokaa mgonjwa, ukubwa wa mkanda wa mkononi na mengine mengi, makusudi, ili kila mtu apate lake. Kiolezo ndicho kinachofunga usivyohitaji. OMG nao walitoa AML, nyongeza ya kuandikia arketaipu kwa UML. Niliisoma nikaona kwa watu wawili na kijana wa atachimenti ni mzigo.

Kwa hiyo nimegawa. Vile visanduku 14, Mama, Mimba, Hudhurio, Kujifungua, Mtoto na wenzao, vimebaki UML. Violezo vya kliniki vimehamia kwenye Archetype Designer, programu ya kutengenezea arketaipu na violezo vya openEHR. Vile 47 vya ziada nimevifuta, na sikuvililia. Kama mtu anataka nyota: mchoro wa klasi kama meza ya kubishania na manesi, 5. Kama njia ya kuandika violezo vyenyewe, 1, na hiyo moja ni ya heshima.

Onyo dogo kwa anayetaka kuanza. Usijaze mchoro wa mfano kwa taarifa za mgonjwa wa kweli ili ueleweke vizuri. Nilifanya hivyo mara moja, jina, umri na presha, nikachapisha nakala sita, nikazunguka nazo mjini mkobani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria, yule mama ni wa mtaa wa pili kutoka kwetu. Nilizichoma.

Wiki iliyopita Changamwe wamenunua mashine ya ultrasaundi. Walinipigia simu kwa wasiwasi, wakiuliza itachukua siku ngapi kuiingiza kwenye mfumo. Nilifungua kiolezo chao, nikaondoa pale nilipokuwa nimeifunga, nikakihifadhi. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Karatasi ya Likoni iko vile vile ukutani, isipokuwa sista ameongeza kwa kalamu nyekundu, chini kabisa, "na mimba iliyotoka?" Hilo bado sijalichora.