Kozi ya Johns Hopkins kuhusu bunduki Marekani: nyota nne, na watu wa utetezi Dodoma waipitie

Nimemaliza hii kozi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliyoko Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, inaitwa Reducing Gun Violence in America, na naiandikia kwa sababu najua wengi wetu hapa Dodoma tunaofuatilia miswada tutaona jina tutaipita, tutasema bunduki za Wamarekani zinatuhusu nini. Zinatuhusu sana jamani. Bunduki zenyewe ziacheni pembeni, angalieni namna wenzetu wanavyoikokota sheria toka kwenye takwimu mpaka inasainiwa.

Wanaofundisha ni watafiti wenyewe, akina Daniel Webster na Cassandra Crifasi, na kazi zao ndo zinabebwa na watetezi kwenye mabunge ya majimbo. Kule kila jimbo lina bunge lake na sheria zake za silaha, kwa hiyo mtafiti anapata cha kulinganisha. Connecticut mwaka 1995 waliweka sheria kwamba ukitaka bastola unachunguzwa kwanza na unapewa kibali ndo ununue, Missouri walikuwa na sheria ya namna hiyo wakaifuta 2007. Watafiti wakakaa na takwimu za vifo, makadirio yao yakawa kwamba Connecticut mauaji ya bunduki yalishuka kama asilimia 40 ndani ya miaka 10 ya mwanzo, na Missouri yakapanda baada ya kufuta. Mtetezi akishika hiyo karatasi haendi kwa mbunge na uchungu peke yake, anaenda na kitu ambacho mbunge akibanwa na wenzake anaweza kukisimamia.

Ila kilichonikaa kichwani zaidi ni habari ya California, niliifuatilia hata nje ya kozi. Desemba 2012 waliuawa watoto 20 na watu wazima 6 kwenye shule kule Newtown, jimbo la Connecticut, na wengi wakawa wanaongelea wagonjwa wa akili. Mwaka uliofuata wakakutana watafiti, madaktari wa magonjwa ya akili, wanasheria na watetezi, wakasema hapana, ushahidi unaonyesha wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu, tuangalie tabia, yaani vitisho, kupiga watu nyumbani, mtu kusema atajiua. Wakapendekeza ndugu au polisi waweze kwenda kwa hakimu kuomba bunduki za huyo mtu zitolewe kwa muda. Connecticut walikuwa na kitu cha kufanana tangu 1999 ila mlango wa ndugu kwenda mahakamani wenyewe haukuwepo. Pendekezo likatoka Desemba 2013. Mei 2014 kijana akaua watu sita kule Isla Vista, California, na kumbe familia yake ilishaingiwa na wasiwasi kabla, polisi walienda kumwona wakaondoka. Mwezi wa tisa mwaka huo huo gavana wa California akasaini sheria ya namna hiyo. Miezi minne tu! Iliwezekana kwa sababu maandishi yalishakuwepo, hawakuanza kutafuta cha kuandika msiba ukiwa umeshatokea. Leo majimbo zaidi ya 20 yana sheria ya aina hiyo.

Na hata baada ya kusaini kazi haikuisha, miaka ya mwanzo sehemu nyingi za California hizo amri zilikuwa haziombwi kabisa maana polisi na mahakimu hawaijui sheria, ikabidi kazi ya kufundisha ianze upya, wilaya kwa wilaya. Hapo nilisimamisha video nikaandika pembeni, maana huku kwetu sheria ikishapita tunapiga picha tunarudi nyumbani.

Pia ujue hawa watafiti walikuwa wanabanwa, tangu 1996 Bunge lao la kitaifa liliweka kipengele kilichokausha hela za serikali za kutafiti bunduki, mpaka mwisho wa 2019 ndo zikatengwa dola milioni 25. Kazi nyingi niliyoisimulia hapo juu imefanyika ndani ya ukame huo, nawaheshimu sana.

Sasa linganisha na hapa. Tangazo la kamati ya Bunge linatoka, wadau leteni maoni, watu wanatoka Dar na mabasi ya usiku, gesti za Area C zimejaa, maoni yanaandikwa usiku huo huo na takwimu za kuokoteza. Na UDOM iko pale juu tu na watafiti wake, wengine wameshafanya kazi kwenye jambo lile lile miaka mingi na hakuna aliyewahi kuwapigia simu. Hii ndo sababu naisukuma hii kozi, inakuonyesha mtafiti na mtetezi wakikaa meza moja mapema.

Nyota moja naitoa. Ni ya Kimarekani mno, usipojua mahakama zao unaachwa njiani, na kesi ya Bruen ya 2022 ambayo Mahakama ya Juu yao ilisema sheria ya silaha lazima iendane na historia yao, hiyo mimi nilienda kuisoma kivyangu na bila hiyo huelewi kwa nini sheria zinaendelea kupingwa mahakamani. Kiingereza chao nacho kinakimbia. Halafu kuna mambo mazito, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki kule ni watu kujiua, kama limekugusa karibuni usikae nayo peke yako.

Mimi nilisoma bure, cheti ndo kilikuwa cha kulipia. Video zinakula bando, pakua usiku.