Kubadili sproketi ili pikipiki ile mafuta kidogo: ununue ipi, uache ipi

Kila EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wakitangaza bei mpya ya mafuta ile Jumatano ya kwanza ya mwezi, kijiweni swali linakuwa lilelile, eti nikiongeza jino kwenye sproketi ya mbele, ile gia ya meno inayovuta cheni, mafuta yatapungua? Yanapungua ndiyo, ila sio kwa kila mtu na sio kwa kila barabara, na ukienda Kariakoo muuzaji anakupa alichonacho dukani, hakuulizi unashinda njia gani wala unabeba nini. Ndo maana nimezipanga hapa njia nne kwa jinsi mimi ningetoa hela yangu kwa pikipiki ya kupiga nayo kazi ndani ya Dar.

Hesabu kwanza maana bila hiyo utauziwa chochote. Chukua meno ya sproketi ya nyuma gawa kwa ya mbele. Tuseme nyuma 42 mbele 14, unapata 3, yani ile ndogo inazunguka mara tatu tairi linazunguka mara moja. Weka 15 mbele inakuwa 2.8, kwa hiyo kwa spidi ileile injini inazunguka pungufu kama asilimia 6.7. Injini ikizunguka kidogo msuguano wa ndani unapungua, na kwa kuwa mkono wako unafungua resi kidogo zaidi kushika spidi ileile basi hewa inaingia bila kubanwa sana, nafuu inatokea hapo. Lakini mafuta hayashuki asilimia 6.7 nayo, yanashuka chini ya hapo, maana upepo unaopambana nao uko palepale na abiria hajapungua kilo.

Namba moja kwangu ni sproketi ya mbele iliyozidi jino moja tu. Bei yake ni kipande kidogo sana cha bei ya seti nzima, na usipoipenda unarudisha ya zamani siku hiyohiyo. Kazi yenyewe fupi: unatoa pedali ya gia, unafungua kava la kushoto, kwenye pikipiki nyingi utakuta kibati kinachoizuia sproketi kimeshikwa na bolti mbili za spana ya kumi, unazilegeza wakati mwenzako kakanyaga breki ya nyuma, unalegeza ekseli ya nyuma ili cheni ipate nafasi, unachomoa. Cheni huwa inatosha bila kuongeza pingili kwa sababu jino moja mbele linasogeza tairi milimita tatu hivi tu, labda ekseli iwe tayari iko mwisho kabisa mbele. Ukiwa dukani nenda na ile ya zamani mkononi, zibandike pamoja, tundu la katikati na vijino vyake vya ndani vilingane kabisa, mashimo ya bolti yalingane, na unene ulingane, usikubali "hiyo itaingia tu kaka". Halafu ukishafunga usikimbilie kuwasha, zungusha tairi kwa mkono polepole usikilize kama cheni inasugua kava, ikisugua hiyo saizi sio ya pikipiki yako, rudisha. Faida nyingine ni kwamba sproketi kubwa inaikunja cheni kidogo, kwa hiyo cheni inadumu.

Inamfaa nani? Anayekula lami iliyonyooka. Kama kazi yako ni Kimara kwenda Kibaha kwenye ile njia nane, au Bunju Tegeta Mwenge alfajiri kabla foleni haijakolea, au unashinda Kigamboni kule tambarare, utaiona tofauti. Ila kama wewe ni wa Goba na Makongo, au Pugu, vilima vile na mshikaki juu, yani abiria zaidi ya mmoja, acha meno ya kiwandani hapohapo. Utakuwa unapanda na gia ndogo muda mrefu, klachi unaiteleza kila ukiondoka, na mafuta uliyookoa chini unayamwaga mlimani.

Namba mbili ni seti mpya kamili, yani cheni na sproketi zote mbili, meno yaleyale. Najua sio ulichokuja kutafuta lakini wengi wanaolalamika mafuta cheni zao zimekwisha. Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute, ikiachana na sproketi mpaka unaona nusu ya jino basi imekufa, na meno yakishalala upande mmoja kama pezi la papa hakuna cha kujadili. Hapo usinunue sproketi moja peke yake, cheni iliyochoka inaitafuna mpya haraka sana, nunua vyote vitatu, na kama barabara yako ni ile ya kunyooka omba wakubadilishie ya mbele iwe ya jino moja zaidi. Nyingi za bodaboda zinatumia cheni ya saizi 428, ukipata 428H chukua hiyo, vibati vyake ni vinene. Namba na idadi ya meno huwa imegongwa kwenye chuma chenyewe, sio kwenye boksi tu, boksi linachapishwa popote.

Tatu, kupunguza meno mawili au matatu nyuma. 39 nyuma na 14 mbele ni 2.79, karibu sawa na jino moja mbele, ila umelipa zaidi, tairi limetoka, na wakati mwingine cheni itabidi ikatwe. Nainunulia sababu moja tu, kama jino la mbele likiongezwa linagusa kava.

Mwisho kabisa ni kubadili zote mbili kwa pamoja, 15 na 39. Hiyo ni 2.6, na kwa injini ya cc 100 au 125 yenye abiria gia ya mwisho inakuwa pambo, unarudi ya chini yake muda wote, na kwenye foleni ya Buguruni klachi inaungua. Ikianza kugonga na kutetemeka ukiwa gia kubwa jua unaikaba injini. Simshauri mtu.

Kabla ya yote jaza upepo tairi, hakikisha breki haibaki imeshika ukiiachia, safisha filta ya hewa, lainisha cheni. Halafu pima: jaza tanki shingoni pampu ileile pikipiki ikiwa stendi kubwa, fanya kazi zako, jaza tena, gawa kilomita kwa lita. Fanya kabla ya kubadili na baada. Kama waya wa spidi mita unatoka tairi la mbele kilomita hazidanganyi, ila kama unatoka kwenye gia boksi itasoma pungufu na utadhani hujaokoa kitu.

Pikipiki ikiwa ya tajiri, yani mwenye chombo, au bado uko kwenye mkataba naye, mwambie kwanza, na sproketi ya zamani usimwachie fundi, ifunge kwenye gazeti na grisi kidogo uweke chini ya siti, siku ukipata abiria wa kudumu wa Goba utaihitaji.