Kuhamishia kaseti za mzee kwenye flashi, Kariakoo: nyota nne kasoro

Duka ni chumba kimoja ghorofani, jirani na Mtaa wa Kongo. Bango hakuna, ulizia tu "yule wa kaseti". Nilipeleka kaseti sita za baba, shilingi 5,000 kila moja, flashi unanunua mwenyewe. Kijana akaniambia siku tatu. Zikawa tisa, na kupiga simu ni mimi.

Kazi anaijua, hilo simnyimi. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika. Akafungua kaseti kwa bisibisi ndogo, akaunga, akaukaza mkanda kwa kuzungusha kalamu ya Bic kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Pale alipounga sauti inajikwaa kidogo, basi.

Kilichomponza ni bidii. Nilimtajia kwamba mzee alikuwa mgambo, akapelekwa Vita vya Kagera. Naye kwa heshima akaniwekea folda nzima ya bure: kwaya na nyimbo za kumlaani Nduli Idi Amin, zile zilizojaa Redio Tanzania baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza vita Novemba 1978. Nikafurahi, nikamshukuru. Mzee alisikiliza nusu dakika. "Toa hiyo."

Hizo, anasema, zilikuwa za waliobaki nyumbani. Yeye kabla ya kuondoka hakuwa na bendi maalumu, ilimradi tarumbeta zilie na watu wacheze. Aliporudi akawa mtu wa Mbaraka Mwinshehe peke yake. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, na habari iliwakuta kina baba upande wa Kagera, Mutukula, ule mji wa mpakani upande wa Uganda, bado haujatekwa. Mzee anasema wanaume wazima walikaa chini na bunduki zao wakalia. Walikuwa wameshazika wenzao bila chozi, maana unazika huku unaangalia pembeni. "Yule ndiye tuliyepata nafasi ya kumlilia." Kanieleza mara moja tu, sikurudia kuuliza. Kaseti hizi, karibu zote Morogoro Jazz na Super Volcano, bendi zake Mbaraka, alianza kuzirekodi redioni mwaka aliorudi.

Na hapo ndipo nilipogombana na kijana. Alikuwa "amezisafisha". Mtangazaji kakatwa, mlio wa saa kabla ya taarifa ya habari umekatwa, hata kikohozi cha bibi kilichoingia katikati ya gitaa hakipo. Kwake ni uchafu. Nikapanda ngazi tena, nikamwambia rudisha vyote. "Lakini mama, itasikika vibaya!" Isikike. Alirudisha bila kunidai senti, ila mdomo ameuvuta hadi jioni. Kwa hiyo ukienda, mwambie mapema asiguse kitu. Mchakarisho wa mkanda unaachwa pia, labda uwe unakukera wewe.

Malipo ni kwa simu au taslimu. Usiende Jumamosi, ngazi zote zimejaa marobota ya mitumba.

Halafu hesabu kaseti zako kabla hujashuka. Mimi nilipewa tano. Ya sita niliikuta bado iko ndani ya redio yake, inapiga, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi, mizigo miguuni, wanamsikiliza Mbaraka.